Zimeni Taa, Makobo Eko na Batoto mu Kinywa

Mimi sina shida na muntu mwenye kuvua usiku. Nilivua usiku maisha yangu yote, mpaka magoti yalikataa. Shida yangu ni ninyi, batoto ba leo, benye kuingia mu matete ya ziwa Mweru na taa kubwa kama munaenda kucheza mupira. Munapiga mayi na fimbo, munakokota wavu, halafu asubuhi munapiga picha na kuituma mu telefone: "Kambo, angalia kilo!" Ninaangalia. Naona samaki, naona meno yenu, naona na ujinga wenu. Vyote viko na kilo mingi.

Niseme kwanza, juu hapa Katuba, mu Lubumbashi, bantu banachanganya mambo. Banasema mimi, nyanya yenu Kambo Feli, nilikuwa nauzisha samaki. Hapana! Mwenye kuuzisha alikuwa bwana yangu, marehemu Léonard. Mwenye kuvua ni mimi. Léonard alizaliwa hapa Lubumbashi, mu kambi ya bantu ba train, alikulia mu moshi na kelele ya vyuma. Alikuja Pweto, kwetu ku ziwa, kununua samaki ya kukausha, akaniona, akabakia. Muntu muzuri, sitamusema vibaya. Lakini ukimuweka mu bwato, anatapika. Siku kaka zangu balimupeleka mara ya kwanza ku mayi, alishika ukingo na mikono mbili, akalia: "Munirudishe ku nchi, nakufa!" Bwato bado ilikuwa imefungwa ku muti.

Basi tulipatana. Mimi mayi, yeye barabara. Bantu ba Pweto balimucheka: "Léonard, bibi yako analala na mamba, wewe unalala na muto ya kitanda?" Akabajibu: "Ndiyo. Na mboga ya kesho ni kwangu itapikwa, si kwenu." Njo vile tulisomesha batoto. Siku ingine mukisikia muntu anasema Kambo Feli alikuwa bibi ya muvuvi, mumurekebishe. Léonard alikuwa bwana ya muvuvi.

Sasa nisikilizeni kwa nini nimeshika kalamu na vidole hivi vyenye kuuma.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, ile joto yetu mnayoijua, udongo ya Katuba inaruka mpaka mu sufuria, dereva mumoja wa kamio, lori ya mizigo, alinishushia sanduku ku mulango. Ilitoka Pweto. Mujukuu yangu Patient, mutoto wa binti yangu Bernadette, alinitumia samaki, makobo, ndani ya barafu. Patient ni yeye nilimuachia bwato yangu siku nilipokuja kukaa hapa mujini. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Hapa tunakula thomson, samaki ya bahari ya frigo, mpaka tumesahau samaki iko na ladha gani. Jirani yangu Mama Jackie alisikia harufu, akafika kabla sijamuita, na kisu yake mu mukono.

"Kambo, leo tunasonga unga, tunakula bukari ya bantu!"

"Kaa, tuparue magamba."

Nilikamata ya kwanza. Mukubwa, tumbo ya manjano, mafuta. Nilitia kidole chini ya kidevu, kama nilivyozoea. Kidevu ilikuwa laini, imevimba. Nikafungua kinywa. Batoto balimwagika mu beseni, badogo kama mupunga, na macho meusi, kila mumoja na macho yake. Nikafungua ya pili. Vile vile. Ya tatu, vile vile.

Mama Jackie aliinama. "Aa, kambo, hii ni nini, bilulu?" Alifikiri ni wadudu bameingia mu samaki.

"Ni batoto."

"Batoto ba nani?"

"Ba huyu. Na huyu. Na huyu. Patient anaua bamama."

Sikupika. Mama Jackie alipeleka sanduku kwake, sikumukataza, samaki akishakufa amekufa. Lakini mimi nilikula mboga ya lengalenga na chumvi, na usiku sikulala. Si huzuni. Ilikuwa hasira. Huzuni inalaza muntu, hasira inamukalisha ku kitanda anaongea peke yake.

Juu ya kuelewa hasira yangu, mumujue kwanza Mama Kabulo.

Mama Kabulo alikuwa shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa na kona moja ya matete upande wa Pweto, bantu bote baliita pale "kwa Kabulo." Haikuwa yake na karatasi. Ilikuwa yake juu hakuna muntu alivua pale vizuri kumupita, na juu alikuwa na mudomo mukali. Bavuvi bengine balisema bibi akiingia mu bwato usiku analeta bahati mubaya. Yeye aliwajibu: "Kweli. Bahati yenu inakuwa mubaya, juu samaki bote banakuja kwangu." Ni yeye alinifundisha kazi. Alinifundisha bila kunibembeleza, na mimi sitababembeleza ninyi.

Usiku wa kwanza nilikuwa bibi mupya wa Léonard. Nilioga na sabuni ya harufu, nikajipaka mafuta ku mikono, nikafika pa mayi nimependeza. Mama Kabulo alininusa kama mbwa.

"Unaenda ku harusi ao ku samaki?"

Alinisugua mikono na matope mpaka bega, vidole vyangu vikanuka kama chura. Makobo ananusa. Ukishika chambo na mukono ya sabuni, atakuja, atasimama karibu, ataondoka. Utakaa pale mpaka asubuhi ukisema leo hakuna samaki. Samaki beko. Ni wewe unanuka.

Usiku wa pili nkafi yangu, ile tunayosukumia bwato, iligonga ubao. Ko! Mara moja tu. Mama Kabulo alisimamisha bwato.

"Umebisha hodi," akasema. "Bote balishajua tumefika. Turudi ku nyumba."

Nilifikiri anatania. Tulirudi kweli, tumbo tupu. Toka siku ile nilifunga nkafi na kitambaa, na mpaka leo, nikitembea mu nyumba hapa Katuba, batoto banashtuka: "Kambo, umetokea wapi?" Ni kazi ilinipatia miguu hii.

Halafu kuko ile siku nilipomuaibisha mwalimu wangu. Makobo, batoto, ni samaki wa kinywa kubwa na hasira mingi. Muchana, mu joto ile kabla ya mvua, mayi ya pembeni inakuwa moto kama chai, anashuka chini, anajificha. Giza ikiingia anapanda, anakuja mu matete kukamata samaki badogo. Unamutilia kasamaki kazima, samaki mudogo wa chambo, ndoano imepita chini ya ngozi ya mugongo, isiguse mufupa, juu kaendelee kuogelea. Hakuna fimbo. Nailo, kamba ya ndoano, inalala ku kidole, hapa, pa ngozi nyembamba. Halafu unangoja. Makobo anapiga ngumi. Ile ngumi ya kwanza ni ya kuua, hajala bado. Ukivuta pale, umepoteza. Umeze mate. Nailo itaanza kutembea pole pole, kama muntu mwenye kuondoka na kitu yako hataki uamuke. Hapo njo unavuta.

Mimi nilivuta pa ngumi. Ndoano iliruka kutoka mu mayi, ikapita juu ya kichwa yangu, ikakamata kitambaa cha Mama Kabulo, ikakipeleka mu ziwa. Alibakia kichwa wazi usiku mzima. Asubuhi tulifika ku nchi. Bantu balituuliza, "Leo mulikamata nini?" Akajibu: "Huyu alikamata shangazi yake."

Sasa nifike pa kinywa.

Makobo hatagi mayai na kuyaacha. Mama anayaokota na kinywa, anayafunga pale ndani mpaka yanakuwa batoto, na batoto banakaa pale, banatoka kidogo kutembea, hatari ikija banakimbilia mu kinywa ya mama. Siku zote zile mama hakuli. Anafunga, na ninyi munashindwa kufunga siku moja ya Kwaresima. Na siku zile zinaangukia mu joto hii hii, wakati makobo bengine, balume na bale bado hawajazaa, banakula usiku kama bantu ba tajiri.

Kwa hiyo Mama Kabulo alivua na ndoano tu, pale kwake, wakati wa joto. Ndoano inakamata mwenye kula. Mama mwenye batoto hakuli, ndoano inamupita. Ni akili ya kawaida, haina siri. Wavu haichagui. Wavu inabeba mama na kila kitu iko naye.

Lakini mara moja moja kasamaki yako inapita karibu na batoto bake, mama anakasirika, anakauma juu ya kukafukuza, si juu ya kula. Ndoano inamukamata. Basi kwetu kulikuwa na desturi. Kila makobo wa wakati wa joto, kabla hujamutoa mu mayi, unatia kidole chini ya kidevu. Kama iko ngumu, mutoe. Kama iko laini na imevimba, usimunyanyue. Unamutoa ndoano mule mule ndani ya mayi, kichwa ikiangalia chini ili asitapike batoto, na unamushika mpaka atulie. Halafu unafungua mukono. Hata kama watoto wako hawajakula.

Mimi wangu wa kwanza alitapika. Nilimushika vibaya, kichwa juu. Batoto balienea mu mayi, mama akakimbia. Nilibakia na mukono mu giza, naogopa matusi ya shangazi, na naogopa mamba. Halafu nikasikia kitu ku vidole. Kama unyoya. Kama mutoto mudogo anavyokupumulia ku shingo.

"Shangazi," nikasema, "banaingia mu vidole vyangu."

Bale batoto baliona mukono yangu nyeusi mu mayi, na pengo katikati ya vidole, bakafikiri ni kinywa ya mama yao. Bakaingia bote pale. Sikuweza kutoa mukono. Tulikaa pale, bwato inazunguka pole pole, mpaka mama alirudi, nikasikia mudomo yake baridi ku kiganja, na unyoya ile ikaisha.

Ni siku ile peke yake nilimusikia Mama Kabulo akicheka. Akaniambia nihamie nyuma ya bwato, pa kuendeshea. "Sasa uko muvuvi," akasema. "Na hii usimufundishe muntu. Kidole ku kidevu, fundisha. Kichwa chini, fundisha. Lakini hii, muntu akutane nayo mwenyewe." Patient nilimufundisha kidevu, nilimufundisha kichwa chini, alikuwa bado mutoto wa masomo. Ingine sikumuambia.

Halafu ananitumia bamama batatu mu barafu!

Nilipanda kamio. Bernadette alinisindikiza akilia: "Mama, magoti yako! Ongea naye ku telefone!" Nilimuambia telefone haina mukono ya kupiga muntu kofi. Nilikaa juu ya magunia ya unga na banawake ba biashara, barabara ikatupika, vumbi ikatufanya bote rangi moja. Pweto nilifika nimekauka kama samaki ya sokoni.

Patient alinipokea vizuri. Mayi ya kuoga, kiti, kuku. Mukubwa sasa, mabega kama mulango, bibi yake na mutoto mudogo ku mugongo. Nilikula kuku. Jioni nikamuambia: "Tunaenda ku mayi wote."

Alikuwa na mwenzake, Trésor, kijana wa maneno mingi.

"Kambo," Trésor akasema, "uko na rhumatisme. Utatusumbua mu mayi."

"Rhumatisme iko mu magoti. Mi navua na vidole."

"Eh, kambo ya Patient eko kali!"

"Ingia mu bwato, na ufunge mudomo, unabisha hodi."

Hakuelewa. Baliniweka katikati, juu ya mufuko, kama muzigo. Tulifika kwa Kabulo giza imeshaingia, hakuna mwezi, joto inalalia mayi kama blanketi. Nilisikia harufu ya matete na moyo yangu ikawa kijana. Halafu Trésor aliwasha taa.

Nisikieni vizuri, juu mutasema kambo anachukia maendeleo. Bale benye kuvua chisense, ile midogo midogo, banavua na taa kutoka zamani, mbali, pa mayi mingi. Chisense inakuja yenyewe ku mwangaza. Hiyo ni kazi yao, iko na adabu yake, sijawahi kuisema. Mimi nasema taa mu matete. Taa mu chumba ya kuzalia.

Taa ile ilikuwa ya betri ya ndani, ya kuzamisha na kamba, nyeupe mpaka inauma macho. Niliangalia chini, na kwa mara ya kwanza mu maisha yangu niliona ile kona mpaka mwisho. Nilikuwa nimeijua na kidole tu. Niliona mizizi ya matete, niliona mchanga, na niliona bamama. Balisimama. Makobo mwingine anakimbia taa, mama hakimbii. Batoto bake balishaingia mu kinywa, yeye anafunga, anangoja hatari ipite. Anasimama pale pale, anakuangalia.

Balitupa wavu kuzunguka, Patient akapiga mayi na fimbo, pa! pa! Balivuta. Wavu ilipanda nzito, ikamwagika mu bwato ku miguu yangu. Nilitia mukono. Kidevu laini. Kidevu laini. Ngumu moja. Laini. Na batoto balianza kutoka benyewe, bamama banatapika banapokufa, mbao ya bwato ikajaa, inang'aa mu taa kama mupunga umemwagika sokoni.

Trésor akacheka. "Kambo, sosi ya bure!"

Nilimuangalia Patient. Aliangalia pembeni. Hapo njo nilielewa, na hapo njo hasira ilipanda mpaka mu masikio: alijua. Hakuwa amesahau. Kidole yake ilikuwa inakumbuka, alikuwa anaificha.

Taa ilikuwa karibu yangu. Niliikamata, nikakata kamba yake na kisu, nikaiacha mu ziwa.

Ilizama inawaka. Tuliiona inashuka, inashuka, inaangazia matete kutoka chini, kijani, na samaki moja moja bakisimama mu mwangaza. Ilifika ku mchanga ikalala pale, bado inawaka. Halafu matope ikaifunika, giza ikarudi.

"Kambo," Patient akasema pole pole. "Ile taa ni ya Trésor."

"Nitamulipa Trésor."

"Muzimu ya bibi!" Trésor akalia. "Patient, kambo yako ni mulozi, ni muchawi!"

"Mulozi ni mwenye kula batoto," nikamuambia. "Mimi nilikula kuku."

Tulirudi. Asubuhi nilimupatia bibi ya Trésor vitenge vyangu viwili vipya, vile nilikuwa naweka ya kuzikwa nayo. Alivipokea. Trésor hajanisalimia mpaka leo, na mimi sijamukosa.

Halafu niliita banaume bane ba pale pa nyumba ya binamu yangu, karibu na mayi. Nikabaambia bavute bwato kutoka mu mayi, baipindue, tumbo juu, mbele ya mulango ya binamu. Patient alifika mbio.

"Kambo, unafanya nini?"

"Napumuzisha bwato yangu."

"Ni bwato ya kazi yangu!"

"Nilikuachia. Sikukupatia. Mama Kabulo aliniachia mimi, mimi nikakuachia wewe, na wewe utamuachia ule ku mugongo ya bibi yako. Lakini utamuachia bwato mu ziwa ya mayi tupu? Atavua nini, taa?"

Alikasirika. Sijawahi kumuona vile. Akasema, mbele ya bantu bote: "Kila muntu hapa anavua na wavu. Nikiacha mimi, bengine batakamata. Na unga ya mutoto yangu itatoka wapi? Kambo, unataka kuua mutoto yangu na njaa juu ya batoto ba samaki?"

Na mimi nitabaambia ninyi ukweli, lile neno lilinichoma. Juu lilikuwa neno la kweli. Tumbo ya mutoto si mchezo. Kila muntu mwenye kuvua na wavu kule iko na mutoto nyumbani, hakuna shetani hata mumoja kati yao. Na bale benye kununua ni sisi, hapa Lubumbashi, tunataka makobo mukubwa mwezi wa kumi, hatufungui kinywa ya samaki, tunafungua yetu tu. Nilikasirika na soko, nilikasirika na mimi na Mama Jackie na visu vyetu. Lakini sikurudisha bwato.

Nilimutolea nailo yangu ya zamani na ndoano zangu, zimefungwa mu kitambaa. "Simama pa matete na miguu yako. Vua na hii. Utakula, hautanenepa. Mvua ikija, mayi ikibadilika, tutaongea."

Aliacha kitambaa kile ku udongo. Bibi yake njo alikiokota.

Nilirudi Katuba, na hapa nyumbani ikawa vita. Bernadette alisimama mu mulango: "Mama, ule ni mutoto yangu! Ulimunyanganya kazi juu ya desturi ya bamarehemu!" Alikuwa analeta mboga yangu, akaanza kuituma na batoto bake, bananiwekea mu kizingiti banakimbia. Ku kanisa bantu ba Pweto balipitisha habari, ikafika imenona: kambo alizamisha bwato, kambo alimupiga mujukuu na nkafi. Niliacha baseme. Siku zikapita, Patient hakupiga telefone. Muchana nilikuwa mukali. Usiku, niliwaza mutoto ule ku mugongo, nikapima mu kichwa unga inabakia ku mufuko yao, nikajiuliza kama Mama Kabulo angefanya vile. Sikupata jibu. Yeye hakuwahi kuona taa ile.

Halafu asubuhi moja, mvua bado haijafika, mawingu yanatudanganya tu, telefone ikalia. Bernadette alikuwa amekuja kuchukua sahani zake bila kunisalimia.

"Kambo." Ilikuwa Patient. Sauti yake kavu.

"Mutoto eko muzima?"

"Muzima. Tunakula. Usiku nilikamata moja. Na ndoano yako. Pale kwa Kabulo."

"Mukubwa?"

"Mukubwa sana, kambo. Angelipa unga ya wiki. Nilitia kidole. Laini."

Nilishika meza. Bernadette aliona uso yangu, akaweka sahani chini.

"Nani alikuwa na wewe?"

"Hakuna. Trésor alihamia upande mwingine."

"Ukafanya nini?"

"Nilimutoa ndoano mu mayi. Lakini sikuwa nazoea, kichwa ilipanda. Alitapika, akakimbia."

Muntu anaweza kusema vile ku telefone na samaki eko mu sufuria. Kidevu, kichwa chini, kutapika, yote hiyo aliisikia kwangu akiwa mudogo. Nilingoja.

"Kambo, utanicheka."

"Sema."

"Mukono yangu ilikuwa bado mu mayi. Banakuja. Banaingia hapa, katikati ya vidole. Bengi, kambo. Nilishindwa kuitoa. Nilisimama pale kama muzimu, mayi mu kiuno, nafikiri mamba, nafikiri mutoto yangu, na sitoi mukono. Mpaka mama yao alirudi." Nilisikia anapumua. "Hukuniambia hii."

"Hapana. Sikukuambia."

Bernadette alikuwa amesogea, sikio karibu na telefone, analia bila sauti. Nilimuachia nafasi asikie.

"Kambo? Bado uko pale?"

"Niko. Enda kwa binamu yangu, ita banaume, mupindue bwato, irudi mu mayi."

"Leo?"

"Leo. Na mutoto akikua kidogo, mukalishe mbele. Wewe sasa unakaa nyuma."

Akaanza kunishukuru, maneno mingi, kama Trésor. Nikamukata.

"Patient. Uko unanuka sabuni mpaka huku. Enda usugue mikono."